Timu ya mtaa, timu ya shule, kituo cha vijana au dansi: mtoto mwenye sukari ya mpakani aende wapi?

Mwezi wa pili, baada ya mazoezi, mama mmoja alinisubiri kwenye korido ya kanisa hadi watoto wa mwisho wakachukuliwa. Nitamwita Mama Amani. Alitoa kwenye pochi karatasi ya kliniki ya mwanawe iliyokunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: A1C 5.9. "Kocha, nielezee. Hii ni sukari ama bado si sukari?"

Nilimwambia bado. A1C inaonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari, na 6.5 kwenda juu ndiyo kisukari chenyewe. Daktari alikuwa amemwambia ampeleke mtoto kwenye michezo, basi. Michezo gani, mara ngapi, wapi, kwa pesa ya nani? Hapo hakuambiwa kitu. Na hapa mtaani kwetu milango si mmoja. Ipo timu ya soka ya vijana wa Kikongo tunayoifundisha wazazi wenyewe, zipo timu za shule, kipo kituo cha vijana upande wa pili wa barabara kuu, na vipo vikundi vya dansi ambavyo mabinti zetu wamejaa. Kila anayeusimamia mlango wake anausifia huo.

Nawaandikia wazazi na walezi wanaosema Kiswahili hapa Marekani, waliokwama pale alipokwama Mama Amani. Mimi nafundisha soka kwa kujitolea, kwa hiyo mjue tangu mwanzo moyo wangu uko wapi. Lakini nimejitahidi kuvipima vyote kwa kipimo kimoja, na kuna mambo ya timu yangu mwenyewe ambayo sikufurahi kuyaona.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Zamani kisukari cha aina ya pili kilikuwa ugonjwa wa watu wazima. Hapa Marekani, kati ya mwaka 2001 na 2017, vijana wa miaka 10 hadi 19 wanaoishi nacho waliongezeka kutoka 0.34 hadi 0.67 kwa kila vijana 1,000, yaani karibu mara mbili. Walioathirika zaidi ni vijana weusi, vijana wa makabila ya asili ya Marekani, na Walatino. Watoto wetu wakifika kliniki, fomu inawaandika weusi, hata kama walizaliwa Uvira au kambini Nyarugusu. Na ni wengi: mwaka wa 2023 pekee Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote.

Rangi ya ngozi haimpi mtu kisukari. Kinachowapata watoto wetu ni kubadilika kwa maisha yote kwa mpigo. Kule alitembea kwenda shule, akachota maji, akacheza mpira wa matambara hadi giza. Hapa anapanda basi la njano, anashinda amekaa darasani, anarudi kwenye apatimenti ambako mama amelala kwa sababu ameingia zamu ya usiku, na anaambiwa asitoke nje mpaka mtu mzima aamke. Friji ina soda. Simu ina kila kitu.

Kuna alama moja ambayo naomba kila bibi na kila mama aijue. Ngozi ya shingo kwa nyuma, au ya kwapani, ikigeuka nyeusi zaidi na kuwa nene kama mahameli, mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini, yaani hauitikii vizuri homoni inayoondoa sukari kwenye damu. Nimemwona bibi akimsugua mjukuu wake shingo kwa dodoki na sabuni ya kipande hadi mtoto analia, akidhani ni uchafu. Haitoki kwa dodoki. Mpeleke akapimwe.

Madaktari wa kisukari hapa wanashauri mtoto mwenye uzito uliozidi apimwe kuanzia miaka 10, au mapema zaidi akianza kubalehe, ikiwa ana hata kigezo kimoja cha hatari: ndugu wa karibu mwenye kisukari, mama aliyepata sukari wakati wa ujauzito wake, presha, shingo ya namna hiyo, au kuwa wa jamii zilizo kwenye hatari kubwa, na sisi tumo. Tena kwa familia zenye selimundu, muulize daktari swali moja zaidi. Mtoto mwenye jeni moja tu ya selimundu, ambaye wala haugui, A1C yake inaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Hapo kipimo cha sukari asubuhi kabla ya kula kinasaidia.

Vigezo nilivyotumia

Misuli inapofanya kazi, inafyonza sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapozidiwa. Faida hiyo huendelea kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi, kisha inafifia. Kwa mtoto anayebalehe jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kubalehe kwenyewe kunaongeza usugu wa insulini. Ukilishika hilo, maswali ya kuuliza yanajitokeza yenyewe:

*Jasho*: mtoto anahema kwa dakika ngapi hasa, ukitoa za kusimama foleni? Shabaha ni dakika 60 kwa siku.

*Mfululizo*: mara ngapi kwa wiki, na miezi mingapi kwa mwaka?

*Mfuko na njia*: ada, viatu, fomu, na nani anampeleka na kumrudisha.

*Nani anaachwa nje*: yule mzito, mzembe wa mpira, binti, mgeni wa Kiingereza. Hiki ndicho kigezo changu kikubwa. Mtoto aliye karibu zaidi na kisukari mara nyingi ndiye wa mwisho kuchaguliwa.

*Mdomoni*: wanakunywa na kula nini baada ya mazoezi.

Klabu za soka za kulipia, zile za kusafiri mji hadi mji, sikuziweka kwenye mizani. Mwaka wa 2024 familia za Marekani zilitumia kwa wastani dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, na klabu hizo mara nyingi hupita hapo. Mtoto wako akipewa nafasi kwa ufadhili, vizuri. Kwa wengi wetu mlango huo umefungwa, na kwa ajili ya kuzuia kisukari hauna kitu ambacho milango mingine haina.

Timu ya mtaa

*Jasho.* Soka ni mchezo wa kukimbia, na kwa hilo una faida. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa San Diego waliwafunga vijana 200 wa soka, besiboli na softiboli vifaa vya kupima mwendo wakati wa mazoezi. Kwa wastani walijituma dakika 45, na ni asilimia 24 tu waliofikisha 60. Wachezaji wa soka walisogea zaidi ya wale wa besiboli. Niliposoma hayo nilijiona salama, mpaka Jumamosi moja nikaamua kumfuatilia mtoto mmoja kwa saa ya mkononi. Katika mazoezi yetu ya dakika 90, Amani alikimbia dakika 22. Zilizobaki alikuwa kwenye foleni ya kupiga mashuti, akisikiliza nikiongea, au langoni akiangalia mpira uko upande wa pili. Makosa hayo ni yangu. Siku hizi tunagawa uwanja vipande, wanacheza wanne kwa wanne, hakuna foleni. Ukienda kuangalia timu yoyote ya mtaa, usiulize walishinda kombe gani. Simama pembeni robo saa uhesabu wangapi wamesimama.

*Mfululizo.* Huu ndio udhaifu wetu. Timu nyingi za mtaa zinakutana Jumamosi na siku moja katikati ya wiki, na ikifika Novemba uwanja unageuka barafu. Kanisa likitupa ukumbi tunaendelea, likipata harusi tunasimama. Siku mbili kwa wiki hazitoshi kwa mtoto wa 5.9. Zinahitaji kuongezewa.

*Mfuko na njia.* Hapa timu ya mtaa haina mpinzani. Michango ni midogo, njumu tunapokezana, na watoto wanakuja kwa miguu. Kutembea kwenyewe ni mazoezi. Lakini usione haya kuuliza maswali magumu kwa sababu kocha ni mtu wa nyumbani. Je, watu wazima wanaoshinda na watoto wamechunguzwa rekodi zao na polisi? Nani anajua huduma ya kwanza? Mtoto akivunjika mkono, bima ni ya nani?

*Nani anaachwa nje.* Tunapenda kushinda. Mashindano ya kiangazi yakikaribia, Warundi wanataka kuwafunga Wakongo, Wakongo wanataka kuwafunga Wasomali Bantu, na mtoto mzito anawekwa golini au anapewa kazi ya kubeba maji. Nimelifanya hilo na nimejuta. Mabinti pia, timu nyingi za mtaa hazina hata saa yao. Chuo cha Stanford kilichapisha mwaka 2008 jaribio dogo la soka baada ya shule kwa watoto 21 wa familia za kipato cha chini, wote wenye uzito uliozidi. Kwa miezi sita uzito wao ukilinganishwa na umri ulienda vizuri kuliko wa wenzao waliopewa masomo ya afya tu. Ninachokishika katika jaribio lile ni kwamba kila mtoto uwanjani alikuwa mzito, kwa hiyo hakuna aliyekaa benchi kwa sababu ya uzito.

*Mdomoni.* Baada ya mechi mzazi mwema anafungua boksi la barafu: soda na vinywaji vya rangi vya wanamichezo. Chupa ya soda ya aunsi 20 ina takriban gramu 65 za sukari, kama vijiko 16 vya chai. Kile kinywaji cha wanamichezo cha ukubwa huohuo kina kama gramu 34. Madaktari wa watoto hapa walishatamka mwaka 2011 kwamba kwa mtoto wa mazoezi ya kawaida maji yanatosha. Sisi tumeweka sheria ya maji na machungwa yaliyokatwa. Wazazi wawili walikasirika, wakidhani tunawanyima watoto furaha. Mmoja wao sasa ndiye anayekata machungwa.

*Inamfaa* mtoto aliyefika juzi, ambaye Kiingereza kinamchosha na anahitaji mahali pa kucheka kwa Kiswahili, na mzazi asiye na gari wala pesa ya ada.

Timu ya shule

*Jasho na mfululizo.* Kwa hivi viwili shule inaongoza. Timu ya sekondari hufanya mazoezi karibu kila siku ya shule, saa moja na nusu au mbili, na kocha analipwa kuwepo. Msimu mmoja ni miezi mitatu hivi, lakini mtoto anaweza kuhama: vuli mbio za nyika, baridi mieleka au kikapu, machipuko riadha. Kiangazi ndicho shimo, shule zimefungwa, na ni wakati huo huo watoto wa Marekani huongezeka uzito kwa kasi kuliko wakati wa masomo. Ukichagua shule, uwe na mpango wa Juni hadi Agosti.

Shule yenyewe bila timu inaweza kusaidia kiasi gani? Kulikuwa na utafiti mkubwa katika shule za kati 42, matokeo yakatoka mwaka 2010. Walibadilisha chakula cha shule, wakaongeza vipindi vya mazoezi, kuanzia darasa la sita hadi la nane. Idadi ya wenye uzito uliozidi ilipungua katika shule hizo, na katika zile za kulinganisha nazo ikapungua vilevile. Lakini watoto wa shule zilizobadilishwa walitoka na viuno vyembamba zaidi na insulini ya asubuhi iliyo chini, na hiyo ni habari njema kwa kisukari, maana mwili haukulazimika kutoa insulini nyingi. Kwa hiyo kipindi cha mazoezi shuleni kisidharauliwe, ila kisitegemewe peke yake.

*Mfuko na njia.* Kuna shule zinatoza ada ya kushiriki, nyingine hapana. Waliosajiliwa kwa chakula cha bure mara nyingi husamehewa, lakini lazima uombe. Kikwazo kinachowaangusha wengi wetu ni fomu ya uchunguzi wa daktari. Inatumwa kwa Kiingereza, inatakiwa kabla ya siku ya kwanza, na mtoto anaisahau chini ya begi. Iombe mwezi wa sita. Swali la pili ni basi: liko basi la jioni baada ya mazoezi, au ndiyo mtoto anasubiri gizani?

*Nani anaachwa nje.* Soka, kikapu na voliboli vina mchujo, na watoto wetu wembamba wenye mbio huupita. Mwaka 2015 sekondari ya Lewiston, kule Maine, ilitwaa ubingwa wa soka wa jimbo ikiwa na kikosi kilichojaa vijana wakimbizi, Wasomali kwa wingi. Ilikuwa fahari kubwa kwa jamii nzima. Lakini mtoto wa 5.9 kwa kawaida hayumo katika kikosi cha namna ile. Habari ambayo wazazi wengi hawaijui ni kwamba riadha na mbio za nyika katika shule nyingi hazina mchujo. Anayekuja anapewa jezi, na katika riadha mtoto mwenye mwili mkubwa ana nafasi ya heshima: tufe na kisahani. Kurusha tufe kunajenga misuli, na msuli ndio unaokula sukari.

Alama za darasani zinahesabika pia. Mtoto anayefeli anasimamishwa kucheza, na anayejifunza Kiingereza huweza kufeli somo ambalo angelifaulu kwa Kifaransa au Kiswahili. Ongea na mwalimu wa lugha mapema, kabla alama hazijashuka.

*Mdomoni.* Kuna mashine ya vinywaji kwenye korido. Mpe chupa yake ya maji.

*Inamfaa* mtoto anayependa ratiba na yuko tayari kutoka jasho kila siku, na binti ambaye nyumbani wanasita kumruhusu mtaani lakini shule wanaiamini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inazitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape wasichana nafasi sawa ya michezo.

Kituo cha vijana

Hapa nazungumzia vituo kama YMCA, Boys & Girls Club, na vile vya idara ya bustani za mji.

*Jasho.* Inategemea kituo na siku. Nimeingia kimoja nikakuta watoto ishirini wanarukaruka na mpira wa kikapu, jasho linawachuruzika. Nimeingia kingine nikakuta wamekaa na simu, mpira umekaa kona. Muulize msimamizi: kila siku kuna muda uliopangwa wa mazoezi, au mtoto anajiamulia?

*Mfululizo.* Hii ndiyo nguvu yake. Siku tano kwa wiki, ndani ya jengo lenye joto, na kiangazi kiko wazi. Na ushahidi upo. Katika jaribio la Augusta, Georgia, lililochapishwa mwaka 2012, watoto 222 wenye uzito uliozidi, wa miaka 7 hadi 11, na zaidi ya nusu yao weusi, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuhema dakika 20 kila siku baada ya shule, jingine dakika 40, la tatu likaendelea na maisha yake. Baada ya wiki 13 hivi, makundi yote mawili ya mazoezi yalikuwa na usugu mdogo wa insulini, na wale wa dakika 40 walipata faida zaidi. Ilikuwa michezo ya kawaida ya kukimbizana na kuruka kamba, bila kombe wala mchujo.

*Mfuko na njia.* Ada ya Boys & Girls Club kwa kawaida ni ndogo. YMCA ni ghali zaidi, ila ina punguzo kwa wenye kipato kidogo. Peleka hati za mshahara na usione aibu, fungu hilo limewekwa kwa ajili hiyo. Muulize pia kama wana basi linalochukua watoto shuleni.

*Nani anaachwa nje.* Kwa mazoezi, karibu hakuna. Kwa upweke, wapo. Mtoto asiye na rafiki pale anakaa ukutani wiki mbili kisha anakataa kurudi. Wapeleke wawili wawili, yeye na binamu au jirani.

*Mdomoni.* Vituo vingi katika mitaa ya kipato cha chini hutoa chakula cha jioni kinacholipiwa na serikali, chenye maziwa na matunda. Chunguza tu asije akala pale halafu akala tena sahani kamili ya ugali nyumbani saa tatu usiku.

Jambo moja la kutochanganya: YMCA ina programu maalumu ya kuzuia kisukari, na hiyo ni ya watu wazima, miaka 18 na zaidi. Imetokana na utafiti wa mwaka 2002 ambapo watu wazima waliobadili chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Mtoto hawezi kuandikishwa, ila mama au baba anaweza. Nyumba ambayo mama mwenyewe anatembea jioni ni rahisi zaidi kwa mtoto.

*Inamfaa* mtoto wa miaka 7 hadi 13 ambaye wazazi wote wako kazini hadi usiku, na yule asiyependa kushindana.

Dansi

Baba wengi wakisikia dansi wanatabasamu kama vile nimeleta mzaha. Naomba wasome sehemu hii taratibu.

*Jasho.* Nenda ukawaangalie vijana wa kwaya ya Kikongo wakifanya mazoezi ya wimbo mmoja wa dakika saba mara sita, mikono juu, magoti juu. Hakuna anayesimama foleni. Kule Oakland, California, wasichana weusi 261 wa miaka 8 hadi 10 waligawanywa: wengine madarasa ya dansi za Kiafrika na za mtaani pamoja na mpango wa kupunguza televisheni nyumbani, wengine masomo ya afya. Baada ya miaka miwili, mwaka 2010, matokeo yalitoka: uzito haukutofautiana. Lakini wale wa dansi walikuwa na kolesteroli nzuri zaidi, wachache wao waliingia kwenye hali ya insulini kupanda, na huzuni ilipungua. Kwa hiyo mzani wa bafuni usiwe hakimu pekee. Binti anaweza kubaki na kilo zilezile na damu yake ikawa imepona kiasi.

*Mfululizo.* Kwaya haina msimu wala mvua. Ila Krismasi ikikaribia wanakutana kila siku, na Januari wanapotea.

*Mfuko na njia.* Kanisani ni bure, studio za kulipia ni ghali.

*Nani anaachwa nje.* Wavulana, kwa sababu wanachekwa. Na kwa familia za Kiislamu kwaya si mahali pao, ingawa kikundi cha wasichana watupu, chumba kimefungwa, mwalimu mwanamke, kinawezekana, na nimeona kina mama wa Kisomali Bantu wakikianzisha sebuleni kwa ngoma zao wenyewe.

*Mdomoni.* Maandazi na chai ya sukari baada ya mazoezi. Chai ibaki, sukari ipungue.

*Inamfaa* binti aliyekata tamaa na mpira, na yeyote anayeona haya kukimbia mbele za watu.

Pale mchezo peke yake hautoshi

Ikiwa A1C inakaribia 6.5, au uzito umepanda sana, omba rufaa ya programu ya familia hospitalini. Iliyochunguzwa vizuri ni Bright Bodies ya Chuo cha Yale, New Haven: mazoezi mara mbili kwa wiki, somo la chakula mara moja, mzazi na mtoto pamoja. Baada ya mwaka mmoja, kama ilivyochapishwa 2007, usugu wa insulini ulipungua kwa watoto wa mjini wa jamii za wachache. Programu za aina hii hazipo kila mji, kwa hiyo zichukulie kama nyongeza ya milango minne, ukiipata.

Kulingana na hali yako

Huna gari, na unafanya kazi usiku: kituo cha siku tano chenye basi, na timu ya mtaa Jumamosi.

Mtoto ana miaka 14, ana mbio, vipimo vyake ni vizuri: mwache aende kwenye mchujo wa soka shuleni. Tatizo lake ni kiangazi tu.

Mtoto ana miaka 14, ni mzito, anasema anachukia michezo: tufe, kisahani, au dansi. Usimpeleke soka kwanza, na usitamke kilo zake mbele ya wenzake wala mbele ya shemeji.

Binti, na nyumbani hamjakubaliana kuhusu mavazi: FIFA iliruhusu hijabu uwanjani tangu 2014. Nenda na baba yake mkaongee na kocha wa shule kabla ya msimu.

Umefika Marekani miezi mitatu iliyopita: timu ya mtaa, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki. Mengine yatafuata lugha ikishashika.

Mtoto ana kiu isiyoisha, anaamka kukojoa usiku, amekonda ghafla: usimpeleke uwanjani, mpeleke hospitali leo hii. Hiyo inaweza kuwa aina ya kwanza, ambayo haizuiwi na mchezo wowote na haikuletwa na uzembe wa mtu.

Mama Amani alichagua vitu viwili na nusu. Amani anarusha tufe shuleni siku nne kwa wiki, Jumamosi anacheza kwetu beki wa kushoto, na kiangazi hiki ataenda kituoni pamoja na binamu yake. Golini nimeweka mtoto mwingine kila wiki kwa zamu, hata mshambuliaji wetu bora, ambaye alinuna. Kipimo kingine ni tarehe 19 Agosti. Mama yake ameibandika karatasi ile ile mlangoni mwa friji, juu ya ratiba ya basi, na ndani ya friji pale palipokuwa na soda kuna jagi la maji lenye vipande vya limau.